Mtu Aliyekuwa Kijiti

Mume wangu ni kijiti. Sifanyi mzaha, na wala sijagombana naye leo. Ni kijiti kwa maandishi, kwa muhuri wa makao makuu ya reli, na kwa kitambaa chekundu cha kufunga mkononi nilichokishona mimi mwenyewe kwa cherehani yangu, nikidhani nashona pambo la sherehe. Mwezi huu anatimiza miezi kumi na minne katika kazi hiyo.

Kabla ya hapo alikuwa stesheni masta tu, miaka ishirini na sita. Watu wanamwita Dakika. Mtu wa hapa kwetu akikuuliza, "Dakika ameshapita?" hana shida na saa yako, anataka kujua kama treni imeondoka. Mimi wananiita Bi Dakika, jambo linaloniudhi, maana nimezaa watoto wawili na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa wakati. Sasa ni watu wazima, wana kazi zao mbali, na nyumba ya reli tunaishi watatu: mimi, yeye, na mama yangu mzazi.

Reli yetu ni ya njia moja. Kutoka hapa hadi mji mkubwa ni kilomita tisini na nne, mwendo wa saa tatu na ushee kama hakuna ng'ombe. Kwa sababu njia ni moja, kuna kijiti kimoja: kipande cha shaba, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kimechorwa majina ya stesheni mbili, ya kwetu na ya kule. Dereva asiyekabidhiwa kijiti haruhusiwi kusogeza treni hata hatua moja. Kijiti ni kimoja, basi treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Siku hizi treni iliyobaki ni moja, ya abiria, inakwenda asubuhi na kurudi jioni, na haina wa kukutana naye hata ikitaka. Lakini kijiti kinabebwa vile vile, kwa sababu kanuni haikufutwa, na mume wangu si mtu wa kuruka kanuni.

Mama hakumpenda. Ilianza mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alikuja kututembelea, akakaa wiki, na siku ya kuondoka akachelewa njiani kwa sababu alirudi ndani kuchukua mwavuli. Alipotokeza jukwaani na vikapu vyake viwili, mkwewe alikuwa amesimama pale pale, bendera ya kijani imeshapanda, na treni inatambaa. Mama akapiga kelele. Mume wangu akamwamkia kwa heshima zote, shikamoo Mama, akiwa bado ameinua bendera. Treni ikaenda zake. Mama alikaa juu ya kikapu akaniambia mbele yake, "Mwanangu, umeolewa na kengele." Toka siku hiyo hakumwita mkwe, hakumwita kwa jina, alimwita "yule wa kengele," na hata alipohamia kwetu miaka mitatu iliyopita, baada ya figo kumgomea, alihamia na jina hilo hilo.

Kuhusu figo niseme wazi, maana ndiyo habari yenyewe. Kila Jumanne na kila Ijumaa mama anatakiwa awe hospitali ya mji mkubwa saa nne asubuhi, kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapa kwetu mashine haipo. Anapanda treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi, behewa la pili, kiti cha dirishani, na jioni anarudi amechoka lakini ni mtu. Mwaka juzi mvua ilichukua tuta la reli, treni ikasimama siku tisa. Tukampeleka kwa basi. Barabara ile ina mashimo ya kufugia bata. Tulifika saa tisa alasiri, mashine yake ameshapewa mwingine, tukarudi kama tulivyokwenda. Siku ya sita miguu ilimvimba. Siku ya nane hakuweza kulala chali, alikaa kitandani akivuta pumzi kwa mdomo, nami nimemshika mgongo. Siku ya tisa treni ikapita. Ningependa kusema nilimshukuru Mungu, lakini nilikuwa na kazi ya kumbeba mama.

Ndipo likaja Bomba.

Kwanza yalikuja mabango. Bomba refu jeupe juu ya nguzo, kutoka kwetu hadi mji mkubwa, na ndani yake kitu kama kidonge kikubwa chenye watu wanaocheka. Hewa imenyonywa yote, kidonge kinaelea kwa sumaku, hakigusi kitu, hakina dereva. Dakika kumi na moja. Kilomita tisini na nne, dakika kumi na moja! Baada ya mabango wakaja vijana wenye kofia ngumu safi, wakajenga kipande cha mfano nyuma ya stesheni, mita mia tatu, ili wananchi waone kwa macho yao.

Mama alilipenda Bomba kupita kiasi. Walimpa fulana nyeupe yenye maneno KESHO IMEFIKA, akawa anaivaa siku za hospitali. Alikuwa anameza vidonge kumi na kimoja kwa siku, na akawatangazia majirani kwamba hicho cha kumi na mbili, kile kikubwa, ndicho kitakachomponya. Mezani alikuwa akimwambia mume wangu, "Wewe na kengele yako, siku zenu zinahesabika."

"Ndiyo, Mama," mume wangu alikuwa akijibu, na kuongeza mchuzi.

Uliitishwa mkutano wa wananchi kuuliza kama tunakubali reli ifungwe, mataruma yang'olewe, nguzo za Bomba zipite mule mule kwenye tuta. Mama alinyoosha mikono yote miwili, na mwenyekiti akaihesabu yote miwili. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipomwambia nyumbani kwamba amepiga kura ya kuondoa treni inayomweka hai, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, Bomba likianza nitakuwa nakwenda na kurudi kabla hujamaliza kupika chai."

"Na kabla halijaanza?"

"Wamesema punde," akasema.

Amri ikaja. Treni ya mwisho itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Bomba litaanza "punde baada ya hapo." Mume wangu aliileta karatasi ile nyumbani, akaisoma mara tatu, kalamu ikifuata mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Nilimuuliza Jumanne inayofuata mama atakwendaje hospitali. Akaikunja karatasi. Nikamwambia yeye ni mkubwa wa stesheni nzima na hana ubavu wa kuandika hata barua moja ya kupinga. Akasema barua si kazi yake. Nikamwambia maneno mengine ambayo sitayarudia hapa, ila yalihusu kengele. Alipoona nimemaliza akasema, "Mke wangu, una kitambaa chekundu? Nishonee cha kufunga mkononi, mkono wa kushoto. Kiwe na upana wa vidole vinne."

"Cha nini?"

"Kiwepo tu."

Nikamshonea, nikikanyaga cherehani kwa nguvu hadi sindano ikavunjika. Nilidhani anajipambia sherehe ya kumzika mama yangu.

Jumamosi ilipofika walikuja wakubwa, bendi, na Mkurugenzi wa Bomba mwenyewe, kijana mrefu mwenye suti ya kijivu na sauti ya upole. Treni ya mwisho ikaingia. Dereva akashuka, akampa mume wangu kijiti, kama kila siku. Utaratibu ulikuwa hivi: mume wangu akitie kijiti kwenye sanduku, sanduku lifungwe kwa lakiri, liende makao makuu, na kikipokelewa huko reli ihesabiwe imefungwa. Ndivyo amri ilivyoandikwa. Lakini wapiga picha wakataka Mkurugenzi apigwe picha ameshika kijiti, ishara ya wakati wa zamani kuukabidhi wakati mpya. Mume wangu akampa. Wakapiga picha. Kisha bendi ikaanza, Mkurugenzi akasukumwa na watu wake kuelekea kwenye kidonge cha mfano, akaingia nacho mkononi.

Kidonge kilikwenda mita mia tatu kwa sekunde nne. Kelele tulizopiga! Mama alirusha kofia ya jirani. Halafu mlango ukakataa kufunguka, na ulikataa kwa dakika arobaini na tatu. Wahandisi walizunguka na kompyuta zao, mwisho fundi wetu wa reli akaja na mtaimbo. Mkurugenzi alitoka amelowa jasho, akaingizwa ndani ya gari, gari likaondoka. Hakuna aliyekumbuka kijiti, na mume wangu alikuwa anaandika saa ya kufunguka kwa mlango.

Jumanne asubuhi nilimtayarisha mama kwenda kupanda basi. Nilikuwa nimelia, sifichi. Tukatoka nje tukakuta watu wamejaa jukwaani, kwa mazoea tu, na treni imesimama inatoa moshi. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya kichwa cha treni, sare imepigwa pasi, kitambaa changu chekundu kimefungwa mkono wa kushoto. Alikuwa anawasomea watu kitabu cha kanuni, ukurasa ambao nadhani haukuwahi kufunguliwa tangu kitabu kichapwe.

"Kanuni ya arobaini na mbili," alisoma. "Kijiti kikikosekana, atateuliwa mtu mmoja wa kukaa badala ya kijiti. Mtu huyo atavaa kitambaa chekundu, na treni haitasogea bila yeye kuwemo. Hali itabaki hivyo hadi kijiti kipatikane." Akafunga kitabu. "Kijiti hakijafika makao makuu. Kwa hiyo reli haijafungwa. Kijiti ni mimi. Wenye tiketi wapande."

Nikahesabu siku: kitambaa nilikishona wiki mbili kabla kijiti hakijapotea. Nikamfuata hadi mlango wa dereva, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe mwanaume."

"Kanuni inataka kiwe tayari wakati wote," alisema, akapanda.

Mama akampita bila kumtazama, akakaa kiti chake cha dirishani. Alisema kwa sauti ya kusikika behewa zima kwamba yule wa kengele amepoteza kijiti cha serikali, na kwamba hilo alilitarajia.

Makao makuu yalimwita. Walimkalisha mbele ya kamati ya nidhamu ya watu watano. Wakamuuliza, "Ulikosea?" Akajibu, "Nilikosea." Kwa miaka ishirini na sita faili lake halikuwa na doa, na alikuwa amebakiza mwaka na nusu astaafu apewe cheti cha utumishi safi, kile chenye fremu. Alikuwa ameshapima ukuta wa sebuleni kitakapotundikwa, akapiga na msumari kabisa. Wakaandika kosa lake kwa wino mwekundu. Wakamwambia kijiti kikirudi kabla hajastaafu, kosa litafutwa na cheti atapewa, kisiporudi, basi. Alirudi nyumbani akala, akasema chakula kina chumvi ya kutosha. Ule msumari bado upo, natundikia futi yangu ya kupimia.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakumwomba Mkurugenzi akirudishe. Waliandika barua. Ofisi ya Bomba ikajibu kwamba vitu vyote vilivyopokelewa siku ya uzinduzi ni zawadi, na zawadi zina fomu yake. Fomu ikatafutwa. Kubadilisha amri nako kulitaka kamati ikae, na mwenyekiti wa kamati alikuwa nchi za nje akiangalia mabomba ya wenzetu. Kusema kweli hakuna aliyekuwa na haraka. Nguzo hazikuja. Wale vijana wa kofia ngumu wakapungua, mmoja mmoja, na kipande cha mfano kikaanza kulaliwa na mbuzi kwa sababu ya kivuli chake.

Basi mume wangu akawa anakwenda na kurudi. Kila siku iendayo kwa Mungu, saa sita na nusu ndani ya kichwa cha treni, amesimama nyuma ya dereva, hafanyi kitu, maana kazi ya kijiti ni kuwepo. Akiumwa mafua, anakwenda. Mdogo wake alifunga ndoa, hakuhudhuria. Miguu yake nayo ikaanza kuvimba jioni, kwa kusimama, nikawa nina ndoo mbili za maji ya chumvi sebuleni, moja ya mama, moja yake, wamekaa wakitazamana bila kuongea. Stesheni ilibaki na karani wa tiketi, na kengele nikakabidhiwa mimi, bila mshahara.

Mume wangu alipofikisha miezi kumi na moja ya kuwa kijiti, mama alichoka na neno punde. Ijumaa moja nilikuwa nimemsindikiza, na alipotoka kwenye mashine akasema haendi stesheni kwanza. Ofisi ya Bomba ilikuwa mtaa wa pili kutoka hospitali. Alivaa ile fulana yake, sasa imefifia, KESHO inasomeka kwa shida. Lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, mama akipumzika kila baada ya vidato vinne, na mimi nikimwomba turudi.

Mkurugenzi alitupokea yeye mwenyewe, maana hakukuwa na mtu mwingine. Meza tano zilikuwa tupu. Mezani kwake kulikuwa na Bomba dogo ndani ya kioo, na kidonge chenye ukubwa wa kidole. Nyuma yake, juu ya rafu, kati ya kikombe cha mashindano ya mpira na maua ya plastiki, kulikuwa na kijiti. Mama alikiona pia. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kuhema.

"Mwanangu," mama alimwambia, "mimi nilinyoosha mikono miwili kwa ajili yako. Sasa nijibu, na usinijibu kama gazeti. Linaanza lini?"

Kijana aliangalia mlango, akaona umefungwa. Akachezea kifuniko cha kalamu.

"Mama," akasema, "mama yangu mimi alikuwa anakaa mji wenu, mtaa wa nyuma ya soko. Anaumwa miguu, hawezi safari. Mwezi uliopita nimemhamishia huku."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Hakulia wala hakufoka. Nilimwona tu anaiangalia fulana yake, akaondoa uzi uliokuwa umening'inia kwenye pindo.

"Na hicho?" akauliza, akielekeza kidevu kwenye rafu.

"Hicho walinipa siku ya uzinduzi. Wala sijui ni cha nini. Nilimrudishia yule mzee wa stesheni kabla sijaingia kwenye kidonge, nikamwambia hiki chako, mzee. Akanisukumia mkono. Akasema, kaa nacho mheshimiwa, kimekupendeza."

Mama alinigeukia, mara ya kwanza siku ile, akanitazama usoni kuona kama nilikuwa najua. Nilikuwa najua, nikatazama dirishani.

"Ni cha kuegemezea dirisha," mama alimwambia Mkurugenzi. "Dirisha langu halikai juu. Nipe."

Akampa. Alifurahi hata, nadhani alitaka kumpa mtu kitu siku ile. Mama akakivingirisha kwenye mtandio wake, tukashuka ngazi.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Mume wangu alikuwa mbele amesimama badala ya kijiti, na kijiti kilikuwa nyuma yake behewa la pili, mapajani mwa mama. Mimi, kando ya mama, nilikuwa nawaka moto. Ningenyanyuka tu, nitembee behewa moja, nimpe: doa lifutwe, cheti kije, apumzishe miguu yake, aende harusini kama watu. Na Jumanne mama asiwe na treni. Nilinyanyuka mara mbili, mara mbili nikakaa. Nilimchukia mama kidogo, nikamchukia mume wangu kidogo, na Bomba nililichukia lote.

Tulipokaribia nyumbani mama akasema, akitazama nje, "Siku ile ya mwavuli."

"Ndiyo, Mama."

"Nilichelewa kweli. Dakika moja."

Akakaza mtandio uliofunika kijiti.

Kesho yake niliamka nikakuta dirisha la chumba chake limesimama wazi, limeegemezwa kwa kijiti. Dirisha hilo linatazama jukwaa la stesheni. Mume wangu hupita chini yake kila asubuhi, na ni mtu anayeona msumari uliolegea kwenye reli akiwa umbali wa hatua hamsini. Nilimwahi mlangoni, nikiwa sijui nitasema nini. Alitembea, akafika chini ya dirisha, akasimama. Alitazama juu. Alitoa saa yake mfukoni akaitazama nayo, akairudisha.

"Nimemwita fundi aje kulitengeneza lile dirisha," nilisema.

"Usimsumbue," akasema. "Limekaa vizuri."

Akafunga kitambaa chake mkononi, akaenda kupanda treni.

Baada ya miezi miwili makao makuu yalimtuma mkaguzi kuja kutafuta kijiti. Alikuwa mtu wa ofisini, mwenye viatu vya kung'aa. Alisimama chini ya dirisha la mama kujikinga na jua, akanihoji kuhusu umbo la hicho kitu, rangi yake na urefu. Mama alitoa kichwa nje, kijiti kiko kando ya sikio lake, akamuuliza kama anataka maji ya kunywa. Mkaguzi akanywa, akashukuru, akaandika kwamba upekuzi haukuzaa matunda. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akicheka peke yake chumbani hadi siku hiyo.

Nafika sasa kwenye Ijumaa iliyopita. Mama aliamka vibaya, miguu mizito, na nilipomtoa nje ilikuwa imeshatimia saa kumi na mbili na dakika kumi kamili. Nilikuwa nimeshapiga kengele, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nilipiga nikiwa natukana. Gadi wa treni alikuwa ameinua bendera ya kijani. Mama alikuwa bado hatua kumi kutoka kwenye behewa, akiegemea ukuta. Nikajua hadithi imekwisha. Namjua yule mwanaume, nimelala naye miaka ishirini na saba.

Mume wangu alishuka kutoka kwenye kichwa cha treni. Treni haisogei bila yeye kuwemo, ndivyo kanuni inavyosema. Alitembea, si kwa haraka, akamfikia mama, akampa mkono wa kushoto, ule wenye kitambaa. Abiria wote walikuwa madirishani. Mama aliushika mkono ule, akausikia na kitambaa chake, wakatembea hatua zao kumi. Kwenye mlango wa behewa mama alisimama kuvuta pumzi.

"Nimekuchelewesha, mwanangu," akamwambia.

"Hapana, Mama," alisema Dakika.

Jioni treni iliporudi nilimpelekea chai ofisini. Alikuwa ameshanawa, ametoka kwenda kuzungumza na karani, na kitabu cha stesheni kilikuwa wazi mezani, wino haujakauka vizuri. Nilikisoma, sioni aibu. Mwandiko ulikuwa ule ule ulionyooka. Safu ya kijiti: Hakijapatikana. Safu ya kuondoka: Saa 12:11, imechelewa dakika moja. Kisha kuna safu ya sababu, ambamo miaka yote hii nimeona mvua, ng'ombe, breki na mvua tena. Humo alikuwa ameandika neno moja: Mama.

Nikaiweka chai mbali na kitabu, isije ikamwagika.